Hatukai kwa Sababu Mnashinda: Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Klabu Yetu ya Kikapu

Dar es Salaam

Kwa Mwenyekiti, Katibu Mkuu na Wajumbe wa Kamati Tendaji

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO YA MASHABIKI TANGU KLABU ITANGAZWE KUWA YA KULIPWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Salamu nyingi kutoka jukwaa la zege, upande ule unaopigwa na jua la jioni. Tunaandika tukiwa wazima na timu bado tunaipenda. Tungependa hilo lisomwe kwanza, maana wapo wajumbe wa kamati yako ambao kila shabiki akifungua mdomo huuliza ametumwa na nani.

Barua hii si ya kwanza. Ile ya kwanza tuliileta ofisini kwa mkono, karani akaigonga muhuri wa "Imepokelewa" na kutupa nakala yetu. Nakala tunayo mpaka leo. Jibu ndilo hatuna. Katibu tulipompigia simu alisema suala liko mezani kwa Mwenyekiti. Tulipokukuta wewe mwenyewe kwenye mechi ulituambia, kwa upole kabisa, kwamba liko kwa Katibu. Tumeona basi tuliweke hadharani, pengine litapata meza ya tatu.

Jina la klabu hatulitaji, na hilo ni kwa makusudi. Wanaokuja uwanjani watajua mara moja. Wasiokuja, hatutaki waijue timu yetu kwa mara ya kwanza kupitia ubaya wake.

Kabla ya malalamiko, kuna jambo ambalo tunaamini ndilo chanzo cha yote. Mnafikiri mnajua kwa nini tunakuja. Siku ya kuzindua nembo mpya, mzungumzaji wenu alisema shabiki anataka makombe na majina makubwa, akipewa hivyo viwili atakuja mwenyewe. Sisi tuliokaa viti vya nyuma tulitazamana tu. Klabu hii imekaa miaka mingi bila kombe lolote la maana, na tulikuwepo.

Jiji hili, Ndugu Mwenyekiti, lilishagawanywa zamani. Yanga ipo tangu 1935, Simba tangu 1936, na mtoto wa Dar huzaliwa akakuta rangi ya nyumbani kwao imeshachaguliwa. Redio zinaamka na Simba na Yanga na kulala nazo. Kikapu kikibahatika hupewa sentensi mbili mwisho wa taarifa ya michezo, baada ya ndondi. Waliorithi timu ya kikapu kwa baba zao ni wachache mno. Kila mmoja wetu aliingia kwa mlango wake: mmoja alikuwa anatoka kazini akasikia filimbi, mwingine alimsindikiza mdogo wake mazoezini, mwingine alifuata muhogo wa kukaanga wa yule mama wa getini, akajikuta anauliza kwa nini yule mrefu ametolewa wakati hajaumia. Akaambiwa amefikisha faulo tano. Wiki iliyofuata akarudi kuangalia kama kweli wanahesabu.

Kilichotubakiza ni ukaribu. Kwenye mpira wa miguu mchezaji unamwona kwa mbali, halafu anapanda basi la vioo vyeusi. Kwetu, mchezaji akikosa mitupo huru miwili ya mwisho, muda si mrefu mnakutana kituoni mnagombea daladala moja, na huna la kumwambia isipokuwa "pole, kaka". Nahodha wetu tulimwona akiwa mtoto wa kuokota mipira, bukta inamfika kwenye ugoko. Mama yake tunamjua na yeye anatujua. Jukwaani nako tunajuana. Mtu akifiwa, mchango wa rambirambi unazunguka kabla ya mapumziko. Mtu akikosekana mechi mbili mfululizo, mwenzake anapita kwao kuuliza. Anayetaka kujua kwa nini watu hawaihami timu inayofungwa asisumbuke na msimamo wa ligi. Aje atazame nani anamwekea nani nafasi ya kukaa.

Ushindi tunautaka, tusidanganyane. Tukishinda kwa kikapu cha sekunde ya mwisho, watu wazima wenye heshima zao hukumbatiana na wasiowajua. Lakini ushindi hutufurahisha tu, na furaha hiyo haijawahi kuwa ndiyo inayotufunga hapa. Kinachotufunga ni wachezaji tunaowajua na mahali tunapojuana. Hivyo viwili ndivyo mlivyoanza kuvibomoa tangu mtangaze kwamba sasa sisi ni klabu ya kulipwa.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kikosi kinachofumuliwa kila msimu

Hili ndilo kubwa, na mtatuvumilia tukilirefusha.

Ligi ikianza tunakuwa na timu. Ikifika hatua ya mchujo tunakuwa na timu nyingine. Maproo, wachezaji wa kulipwa wa kuletwa kutoka nje, wanashuka uwanja wa ndege Alhamisi, Jumamosi wako uwanjani, na vijana waliovuja jasho mzunguko mzima wanakaa benchi na suruali zao za mazoezi mpaka filimbi ya mwisho. Kocha akiita mchezo, nusu ya walio uwanjani hawajui anaita nini. Tukitolewa, maproo wanaondoka Jumatatu. Vijana nao wanaondoka polepole, mmoja mmoja, kwa kuvunjika moyo.

Wageni hatuwachukii. Mfano wenyewe ni yule ndugu aliyetoka Bukavu. Alikuja na Kiswahili chake cha Kivu, tukamcheka siku mbili, baada ya hapo tukawa tunakiiga. Alipanga chumba jirani na uwanja, akawa anakula chipsi mayai kwa mkopo kwa muuzaji yuleyule anayetukopesha sisi. Baada ya mazoezi alibaki na watoto akiwaonyesha namna ya kumziba mtu kwa mgongo kabla ya kurukia ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu ukarudi, akiwasogeza miguu kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka giza liingie. Mkataba wake ulivunjwa kwa simu. Nauli ya kurudi kwao alikuwa ameahidiwa na klabu. Waliochanga ni mashabiki, na mashabiki ndio waliomsindikiza alfajiri mpaka Stendi ya Magufuli kule Mbezi kupanda basi la Kigali. Ofisi haikutuma hata mtu wa kumshika mkono. Yule alikuwa mgeni, na alikuwa wetu kuliko baadhi ya wajumbe wa kamati.

Wenyeji nao siku hizi wanaachwa kwa bango. Mchezaji aliyeanza hapa akiwa shule ya msingi anafungua Instagram anakuta picha yake imegeuzwa nyeusi na nyeupe, chini imeandikwa "Asante kwa utumishi wako". Ndugu zake wa mkoani wakaanza kupiga simu kuuliza msiba uko wapi. Tulicheka, lakini yeye hakucheka, na msimu huo hakuja tena hata kutazama.

Mnapenda sana kumtaja Hasheem Thabeet kila mnapoomba udhamini: kijana wa Dar, mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya 2009 ya NBA, ile ligi ya kulipwa ya Marekani ambayo timu zake huchagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Vizuri, na sisi tunajivunia. Ila Thabeet alianza kuushika mpira wa kikapu hapahapa Dar, akiwa kijana tayari, wala hakuna klabu iliyomnunua kutoka popote. Mtoto mrefu wa leo akija kusimama pembeni ya uwanja wetu, nani atamwambia aingie acheze, ikiwa timu ya vijana mmeifuta ili kupunguza gharama?

Najua jibu lenu: tunataka kwenda BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika. Nani hataki? Tangu ligi hiyo ilipoanza Kigali Mei 2021, na Zamalek ya Misri kubeba kombe la kwanza, kila klabu ya ukanda huu inaiota. Lakini tazameni jirani alivyofika. Nairobi City Thunder ilipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, mwaka 2025, kiini chake kilikuwa Wakenya ambao watu wa kikapu wa Nairobi walishawajua. Mmoja wao ni Tylor Ongwae, yule aliyeiangusha Angola 74–73 kwa kikapu cha mwisho pale Yaoundé, Februari 2021, Angola iliyokuwa na mataji 11 ya Afrika wakati huo. Walioimba jina lake hawakulisoma kwenye bango wiki hiyo. Isitoshe, BAL yenyewe inaweka kikomo cha wachezaji wa kigeni kwa kila timu. Safari mnayoisema inahitaji wenyeji wazuri, na wenyeji wazuri hawashuki uwanja wa ndege Alhamisi.

2. Uwanja na ratiba

Mlituhamisha kutoka uwanja wetu wa mtaani mkatupeleka ukumbi wa kukodi upande wa pili wa jiji. Sababu mliyotoa ni mvua.

Mvua tunaijua. Sisi ndio tuliokuwa tunaukausha ule uwanja. Mechi inasimama, wachezaji wanajifunika taulo, na sisi tunashuka na mafagio, magunia na vipande vya sponji ya godoro, tunakamulia kwenye ndoo. Refa anachuchumaa chini ya ringi, anagusa zege kwa kiganja, anatikisa kichwa, tunarudi kusugua. Anagusa tena. Akiinuka na kupuliza filimbi, jukwaa linashangilia kuliko linavyoshangilia kikapu. Waliokausha pamoja namna hiyo hawawezi tena kuwa wageni. Hata mashabiki wa timu pinzani walishika mafagio. Mtu wa Pazi au wa Savio mtataniana naye mwaka mzima, lakini sponji mtashika wote.

Kwa hiyo masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukumbini sawa, hatuna neno. Julai mvua gani? Agosti je? Na mkishatupeleka huko, kwa nini mechi ianze saa mbili usiku siku ya kazi? Inaisha saa nne imeshapita, daladala za kwenda pembezoni zimepungua, bodaboda wanataja bei wanayotaka. Mwenye mtoto haji. Binti wa chuo haji, na mzazi wake ana haki ya kumkataza. Mnaobaki ni nyinyi wenye magari, halafu mnashangaa jukwaa limepoa.

Kuhusu ratiba nitasema kwa kifupi kwa sababu hata nyinyi wenyewe mnajua. Mechi inabadilishwa siku kupitia status ya WhatsApp ya msemaji wa klabu, saa tano usiku. Asiyekuwa na namba ya msemaji amekwisha.

3. Timu ya wanawake

Wanacheza saa nane mchana, jua la utosini, kabla hata meza ya waamuzi haijatandikwa vizuri. Mtangazaji hajafika. Ubao wa matokeo haujawashwa, kwa hiyo tunahesabu kwa vidole na kubishana. Dada zetu hawa ndio waliofika fainali msimu uliopita, na ukurasa wa klabu uliandika habari yao siku mbili baadaye, chini ya tangazo la jezi ya wanaume.

Jukwaani kwetu wapo watu, mimi mmojawapo, wanaokuja kwanza kwa ajili ya mechi ya saa nane. Pale kikosi hakifumuliwi. Mlinzi wao mfupi, yule anayepiga pointi tatu kutoka kona, tunamtazama mwaka wa nne sasa, na tumeona mkono wake ukibadilika kutoka kusukuma mpira kwa kifua mpaka kuutupa kwa vidole. Raha ya kumfuata mchezaji ndiyo hiyo. Mnayo bure, hamjailipia, na mmeiweka juani.

4. Fedha ya matibabu

Hapa tutaomba radhi kwa ukali, lakini hatutapunguza neno.

Kijana wetu alipokatika mshipa wa goti, klabu ilimpa barafu na pole. Mashabiki tulifungua mchango. Alichanga fundi pikipiki, alichanga muuza muhogo, walichanga wadau walioko Muscat na Toronto ambao timu wanaiona kwenye simu tu. Fedha ikapitia akaunti ya klabu kwa sababu tuliwaamini. Mgonjwa akatibiwa, alhamdulillahi. Kisha likatoka bango: "Klabu yagharamia matibabu ya mchezaji wake." Hamkutaja mchango hata kwa nukta. Tulipoomba hesabu, kiasi gani kiliingia, kiasi gani kililipwa hospitali na kama kuna kilichobaki, tuliambiwa tusiilete siasa kwenye michezo.

Hatumtuhumu mtu wizi. Tunadai karatasi yenye hesabu, basi. Mtu aliyetoa elfu mbili akiwa na elfu tano mfukoni ana haki ya kuiona.

5. Jezi, geti na wachuuzi

Mmetukataza kuvaa jezi za kushonesha Kariakoo mkisema si halali. Tumekubali. Hizo halali ziko wapi? Duka la klabu limeandikwa "hivi karibuni" tangu msimu uliopita. Vilevile mmemwondoa mama wa muhogo getini kwa sababu ya "hadhi ya klabu ya kulipwa", badala yake kuna meza ya vinywaji ambayo maji ya chupa yanauzwa mara mbili ya bei ya dukani. Huyo mama ndiye aliyekuwa anajua mechi ni saa ngapi wakati msemaji wenu hajui.

Ndugu Mwenyekiti, tunajua mtakayosema, maana mengine tumeshayasikia koridoni.

Mtasema fedha hakuna, wadhamini wote wamekimbilia mpira wa miguu. Ni kweli, wala hatuwalaumu kwa hilo. Lakini kutangaza ratiba wiki moja kabla hakugharimu shilingi. Kumwita kijana ofisini na kumwambia kwa mdomo kwamba mkataba wake hauendelei hakugharimu shilingi. Na ile bajeti ya kuleta maproo wa wiki tatu inatoka wapi, ikiwa fedha hakuna?

Mtasema mapato ya getini ni madogo, kwamba sisi ni wachache na tuna kelele. Tuko wachache, sawa. Ila mnafanana na mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji kwa kuwa kodi ni ndogo, huku akimwonyesha mpangaji mpya rangi iliyopakwa na yule wa zamani. Kila video mnayopeleka kwa wadhamini ina ngoma zetu na nyuso zetu. Tumeziona.

Mtasema, kama alivyosema mjumbe mmoja akidhani hatumsikii: wasiotaka waondoke, tutapata wengine. Hili tutalijibu kwa kisa cha mbali kidogo.

Mji wa Seattle kule Marekani ulikuwa na timu ya NBA, SuperSonics, tangu 1967, na ikatwaa ubingwa mwaka 1979. Mwaka 2006 Howard Schultz, yule wa kahawa za Starbucks, akaiuza kwa wafanyabiashara wa Oklahoma City wakiongozwa na Clay Bennett, kwa dola milioni 350. Ugomvi mkubwa ulikuwa ukumbi: wenye timu walisema umepitwa na wakati, na fedha ya umma ya kujenga mpya haikupatikana. Mwaka 2008 timu ikahamishwa. Mji ulilipwa dola milioni 45 ili ukubali kuvunja mkataba wa ukumbi kabla ya muda wake. Wakaondoka na kijana Kevin Durant, aliyekuwa ndiyo kwanza ametajwa mchezaji bora chipukizi wa ligi. Jina la Sonics na rangi zake za kijani na dhahabu vikabaki Seattle.

Timu hiyo iliyohama ndiyo Oklahoma City Thunder, ambayo Thabeet wetu aliichezea kati ya 2012 na 2014, na ndiyo iliyotwaa ubingwa wa NBA mwaka 2025. Kwa hiyo hatukatai: timu iliyohamishwa inaweza kupata watu wapya, tena watu wazuri, na hata kombe. Ilichukua miaka 17. Na huko Seattle watu bado wanavaa kofia za timu isiyokuwepo. Bennett alichukua wachezaji, mikataba na nafasi kwenye ligi; watu wa jukwaani hakuweza kuwapakia. Kuna na upande wa pili wa kisa hicho ambao kamati yenu ingefaa kuusoma mara mbili. Timu ya wanawake ya mji uleule, Storm, ilikuwa mikononi mwa wamiliki walewale. Mwaka huohuo wa 2008 wanawake wafanyabiashara wa palepale waliinunua ili isiondoke, ikabaki na watu wake, ikatwaa ubingwa 2010, 2018 na 2020.

Nyinyi hamna dola milioni 350 na hamna Durant. Mkiwapoteza watu wa zege, mtabaki na nembo mpya na ukumbi wa kukodi.

Tunachoomba ni hiki, na tumekiandika kwa namna ambayo kinaweza kujibiwa ndiyo au hapana:

(a) Katika kila kikosi kinachosajiliwa kwa ligi, angalau wachezaji watano wawe wametoka timu yetu ya vijana au wamekaa klabuni misimu miwili, na timu ya vijana irudishwe.

(b) Mchezaji anayeachwa aitwe, aambiwe ana kwa ana, na aagwe uwanjani mbele ya watu. Dakika tano za mapumziko zinatosha.

(c) Kuanzia Juni, mechi za nyumbani zirudi uwanja wetu wa mtaani, Jumamosi au Jumapili, saa kumi jioni. Ratiba ibandikwe getini na kwenye ukurasa wa klabu siku saba kabla. Ikibadilika kwa sababu ya chama cha kikapu cha mkoa, tuambiwe ni chama.

(d) Mechi za wanawake na za wanaume zipokezane muda mzuri, wiki hii hawa, wiki ijayo wale, na mtangazaji na ubao wa matokeo viwepo kwa zote.

(e) Kila mchezaji aliyesajiliwa akatiwe bima ya afya kabla ya mechi ya kwanza. Hesabu ya mchango wa goti itolewe kwa maandishi.

(f) Mashabiki wapewe nafasi mbili kwenye Kamati Tendaji, moja lazima iwe ya mwanamke, wachaguliwe na mashabiki wenyewe na si kuteuliwa na ofisi.

(g) Mama wa muhogo arudi. Hili hatutani.

Hatutasusa mechi. Tulilijadili na wengi wakakataa, kwa sababu jukwaa likiwa tupu anayeumia ni kijana aliye uwanjani, wakati mjumbe wa kamati atakuwa amekaa kwake na kiyoyozi. Tutakuja, tutaimba, na mechi ya saa nane tutaijaza zaidi. Lakini kuanzia leo mchango wowote wa mashabiki, uwe wa matibabu, wa nauli au wa viatu, utakwenda moja kwa moja kwa mchezaji mwenyewe na hautapita ofisini mpaka hesabu ya goti itoke. Na ule usiku wa harambee mliotuandikia, wenye kadi za kuchangia za elfu hamsini, hatutazichukua kadi hizo. Zimerudishwa kwa karani. Naye amezigonga muhuri.

Tunaomba kikao kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa, Jumamosi yoyote asubuhi, pale uwanja wa zamani. Si lazima ije kamati nzima. Mwenyekiti na Katibu wakija pamoja itatosha, ili safari hii suala likae meza moja. Majibu ya maandishi yakitangulia kikao tutayabandika getini yalivyo, yawe mazuri au mabaya, bila kuongeza neno letu.

Wako katika michezo,

Katibu wa Tawi la Mashabiki, Jukwaa la Zege
kwa niaba ya wanachama waliotia sahihi kwenye karatasi iliyoambatishwa

Nakala:
Chama cha Mpira wa Kikapu cha Mkoa
Afisa Michezo wa Manispaa
Nahodha, timu ya wanaume
Nahodha, timu ya wanawake
Ubao wa matangazo, getini